Uso Wangu na Picha za Daktari

Jumatatu, 3 Juni
Nimeamka uso unawaka. Baridi hii ya Songea na mashavu yangu haviivani kabisa. Vipele vipya vitatu puani. Mwaka wa sita huu nauguza uso.

Bosi wangu, mama mwenye gesti, kaniondoa mapokezi. Kasema nifue mashuka mpaka daktari aandike ugonjwa umefikia wapi. Ati wageni wanasema najipaka mkorogo. Mkorogo! Sijaugusa hata siku moja.

Jumatano, 5 Juni
Hospitali. Nyumbani tumefundishwa, huendi kwa daktari ukionekana kama umetoka shamba. Nikapaka poda, nikavaa kitenge kipya. Daktari kanitazama kutoka ng'ambo ya meza. Ana karatasi ya picha za nyuso, kuanzia wekundu kidogo hadi wekundu mkali. Zote za Wazungu. Kaandika ugonjwa ni mdogo. Kaongeza niache krimu za kujichubua.

Nimerudi na hasira.

Alhamisi, 6 Juni
Bosi kasoma karatasi. Kama ugonjwa ni mdogo, kasema, basi kilichobaki ni uchafu wangu. Mbele ya wapishi. Nimefua nikilia. Mvuke wa maji ya moto unanichoma zaidi. Nawachukia wote wawili, yeye na daktari.

Jumamosi, 8 Juni
Mama yangu kapiga simu kutoka kijijini, Mpitimbi. Kauliza kama poda niliitoa mbele ya daktari. Sikuitoa. Mjinga mimi. Lakini hata bila poda, mweusi gani atakuwa mwekundu kama zile picha? Kosa nusu langu, nusu lao.

Jumatatu, 10 Juni
Nimekwenda uso mtupu. Barabarani watu wanageuka. Wageuke.

Daktari yuleyule. Akatoa tena karatasi yake. Nikamwambia: "Daktari, weka picha chini. Nishike shavu."

Kasita. Kashika.

"Lina moto," kasema.

Kasogeza taa, kahesabu vipele kimoja kimoja. Kauliza kama macho yanawasha. Yanawasha tangu mwaka jana, hakuna aliyewahi kuniuliza. Kaandika upya: wa kati, unaelekea kuwa mkali. Hauambukizi. Si mkorogo. Kaniomba samahani. Kisha kanieleza kwamba hauponi, unatulizwa tu. Hilo nimelibeba hadi nyumbani.

Ijumaa, 14 Juni
Bosi kasoma barua mpya ya daktari mara mbili. Hakuomba radhi. Nimerudi mapokezi.

Mgeni wa kwanza, mnunuzi wa korosho kutoka Tunduru. Kaona mashavu yangu, kahamishia macho ukutani. Sikuinama. Nimemsubiri mpaka aliponitazama tena, ndipo nikampa ufunguo.