Mabati Kwenye Lori la Raga

Shamba la tumbaku, Iringa
Agosti 1955

Kwa dada yangu Sekela,

Pokea salamu za mdogo wako Gideoni. Je, u mzima? Shemeji Saulo na watoto hawajambo? Kifua cha mama kimepata nafuu, au bado kinambana? Mimi napumua, namshukuru Mungu, ila mkono wa kulia siwezi kuuinua. Naandika kwa wa kushoto, basi usicheke mwandiko.

Barua yako imefika. Hukunisalimu hata kwa neno moja, nikajua umekasirika. Unasema Andendekisye alikuja na lori la Wazungu hadi Mbeya, akafika nyumbani na kumwambia mama kwamba nilipewa nafasi nikaikataa, kwa kuwa nimeoa huku na kwetu nimekusahau. Unasema mama aligeukia ukutani. Dada, nisikilize na mimi.

Wazungu wa Iringa na Mbeya wana timu moja ya raga, mpira wa kukumbatia na kuangushana. Wameomba mara nyingi kuingia kombe kubwa la Tanganyika, na wakubwa wa Dar es Salaam wanawakatalia, wakisema hao wakulima wako mbali na ni wachache. Mwaka huu wakaambiwa wacheze Mbeya na timu ya pwani, wasipoaibika, watapokelewa. Bwana wetu ndiye nahodha. Hakuwa na watu wa kutosha kwa mazoezi, akatuita sisi vibarua tuwe adui zao: wanane kwa wanane, vichwa chini, kusukumana kama fahali.

Siku ya kwanza tuliwasukuma mpaka kwenye matuta ya tumbaku. Sisi tumezoea kukwamua lori kwenye tope, mmoja anaita, wote tunatoa nguvu. Silvester, Mhehe wa hapa, alikuwa pembeni akipiga kelele kwamba wala ndizi, ndio sisi watu wa upande wa Mbeya, leo wameshiba. Bwana mwenyewe alicheka. Ndipo akaahidi kwamba wasukumaji wote watapanda lori kwenda Mbeya, kisha watapewa wiki moja ya kusalimu kwao. Tangu hapo nilisukuma nikimfikiria mama tu.

Safari ilipokaribia, bega langu la kulia likavunjika mazoezini, chini ya rundo la watu. Niliogopa Bwana ataniona sifai tena. Nilitaka kwenda kumweleza, lakini Andendekisye akanizuia, akasema yeye ni nyapara, tena ni rika langu, atanisemea. Unajua sisi. Tulijenga vibanda pamoja tungali wavulana, tukala chungu kimoja; akisema mwenzako wa rika, umesema wewe. Nikamwachia.

Siku ya safari nilisimama barabarani tangu alfajiri na furushi langu. Lori likanipita. Wenzangu walikuwa juu, na mahali pangu palikuwa na mabati ya Andendekisye, ya nyumba anayojenga. Niliita jina lake. Akatazama upande wa pili.

Timu imekubaliwa, dada. Walichinja ng'ombe, wakatugawia utumbo. Siku hiyo Bwana akaniuliza kwa ukali kwa nini niliidharau safari yake, maana nyapara alimwambia sitaki kuonana na mama kwa sababu ya mke. Huyo mke ni Tekla, mama mzazi wa Silvester, bibi asiye na meno, anayenipikia uji tangu nilipoumia!

Nilimfuata Andendekisye. Hakukana. Aliniuliza kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto, mabati yangekaa wapi. Akasema nisiwe na haraka, kwa kuwa timu imeingia kombe, lori litakwenda Mbeya kila mwaka.

Sasa jambo ambalo sikuwa nimewaandikia. Daktari amesema bega hili halitarudi kama zamani. Jembe sitashika tena. Bwana hajui; anangoja nipone nikasukume. Sitasukuma. Jumatatu naondoka kwa miguu, kupitia Rujewa, na Silvester atanisindikiza siku ya kwanza.

Msalimu shemeji na majirani wote wanaoniulizia, wabusu watoto. Mama usimwahidi kwamba nakuja. Ameahidiwa ya kutosha. Muulize tu, nikibisha hodi, kama atanifungulia.

Ni mimi ndugu yako,
Gideoni