Godoro Juani

19 Aprili

Dada yangu,

Nakusalimu, na ninaomba barua hii ikukute mzima na mgongo wako umekuhurumia kidogo. Sisi huku tu wazima wa mwili. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu bado hazishiki. Mnara ulilala chini siku ile ya kimbunga, na mafundi kazi yao ni kuuzunguka na kutikisa vichwa.

Nyumba imebaki na chumba kimoja kizima, kile cha mbele. Paa la chumba cha mwanangu Kasuku liliondoka lote na kitanda chake hatukukiona tena. Kwa hiyo analala nami kwenye godoro langu, yeye upande wa ukutani. Karakana yangu ya useremala imepona, ila randa mbili zimeshika kutu.

Najua umeshasikia habari zangu kwa watu. Jirani yangu mshonaji na mama yake mzee walikimbilia kwetu siku hiyo, nami niliuzuia mlango kwa mgongo tangu adhuhuri mpaka jua kuzama. Tangu hapo mtaa mzima unaniita Komeo. Mshonaji anatia chumvi, unamjua. Sasa kila mtu anataka mlango uliotengenezwa na Komeo.

Nina ombi moja. Mtoto ameanza kukojoa kitandani. Miaka minane, na tangu mama yake atutoke hakuwahi kunisumbua kwa hilo, lakini tangu kimbunga mambo yamebadilika. Wewe unayefua mashuka ya hospitali unajua pa kupata mpira wa kutandika juu ya godoro. Nitumie mmoja.

Mdogo wako


27 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu, maana mwandiko wako bado ni wa mtu anayeandika kwa penseli ya useremala. Nashukuru mko hai. Mgongo unauma kama kawaida, tumeshazoeana.

Mpira huo hapo. Nimeununua, sijauiba hospitalini, kwa hiyo usiniangalie hivyo. Nimeukata upana wa mtoto, uutandike upande wa ukutani. Shuka liloweke kwanza kwenye maji ya baridi, ya moto yanagandisha harufu. Na godoro usilianike upande wa barabarani. Lianike nyuma ya nyumba.

Kubwa zaidi, usimgombeze. Miaka ishirini na miwili nafua mashuka ya watu walioona mabaya, na nakwambia mwili una namna yake ya kulia. Wewe mwenyewe ulichelewa sana kuacha, na mimi sikuwahi kukutangaza. Mwambie Kasuku wangu kwamba shangazi hacheki.

Wamekuletea mtu wa kuzungumza nanyi? Huku redioni wanasema washauri wametumwa kila mahali kimbunga kilipopita.

Dada yako


16 Mei

Dada yangu,

Hujambo? Mgongo? Sisi tunaendelea kusukuma siku.

Mpira ulifika, asante, ila ni mdogo. Nitumie mpana zaidi, unaofika ukingo hadi ukingo.

Mshauri yupo. Amepigiwa hema katikati ya uwanja wa shule, na foleni yake inaonekana kutoka barabara zote nne. Sijaenda. Komeo akionekana kwenye foleni ile, watu watasema nini?

Sasa nisikilize. Jumatatu Kasuku alianguka mstarini shuleni. Mwalimu wake akaniita, akaniambia mtoto hanywi maji. Ikifika saa sita mchana anafunga mdomo mpaka kesho yake, na jua hili unalijua. Mwalimu alipombembeleza akasema anaogopa kulowesha godoro. Watoto wanamwita kikojozi. Ua wa nyuma ulibebwa na upepo, dada, na pamejaa vifusi, kwa hiyo godoro naanika mbele, na wote wanapita hapo wakienda shule.

Kasuku aliyekuwa anasema mpaka unamwomba apumzike, siku hizi anajibu ndiyo na hapana. Mpokee kwa muda. Mshonaji anakuja huko kununua nyuzi, atamleta.

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima na unakula. Nakutoa wasiwasi: mtoto alifika salama, na leo ni siku ya tisa.

Anakula vizuri. Ananisaidia kukunja foronya, na pembe anazipatanisha kuliko wasichana ninaofanya nao kazi. Lakini kweli hanywi. Nikimwekea bilauri ya maji mezani baada ya mchana, anaifunika kwa kisahani na kuisogeza, kwa adabu kabisa, kama mgeni aliyeshiba.

Godoro ni kavu. Siku zote tisa.

Jumamosi nilimkalisha nikamwambia hakuna aliyekasirika, na kwamba jambo hili huwapata wengi. Akaniangalia akasema, "Ni mimi, shangazi." Sikuwa nimemuuliza ni nani.

Andika upesi. Anapenda kuona jina lake kwenye karatasi.

Dada yako


6 Juni

Dada yangu,

Salamu kwako na kwa Kasuku. Nimefurahi kusikia ni mkavu. Labda ni hewa ya huko, au ni mkono wako. Mwambie baba yake anamkumbuka.

Nisamehe kwa kuandika mbiombio. Usiku mvua ilipiga mabati kwa hasira, na asubuhi yote nimekuwa nikihangaika na godoro, mpaka sasa liko juani na halijakauka. Mpira mpana utakapopatikana usisahau.

Kazi zipo. Natengeneza vigoda na fremu za madirisha. Milango bado sijaanza.

Mdogo wako


13 Juni

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa mapenzi, na soma barua hii ukiwa umekaa.

Mtoto yuko kwangu wiki tatu na ushee. Godoro uliloanika wiki iliyopita ni la nani?

Usinijibu kwamba paa linavuja. Ungekuwa umeshalitaja, na usingeomba mpira, ungeomba mabati. Mimi ni dobi. Mashuka hayajawahi kunidanganya. Nilikukatia mpira wa upande wa ukutani ukasema haufiki, nami nikajifanya sikuelewa, kwa sababu sikutaka kuelewa.

Mambo mawili, halafu nanyamaza. La kwanza, sicheki. Nimefua mashuka ya madereva, ya askari, ya wanaume wenye sauti za kutikisa madirisha. Aibu yako kwangu haina mahali pa kukaa.

La pili ndilo linaloniuma. Nimemuuliza mtoto tena, safari hii kwa maneno ya wazi. Anaamka pakavu kila siku, na bado anasema ni yeye. Hajakusema. Sidhani kama atakusema hata akizeeka. Amebeba mzigo wako, na hanywi maji ili uwe mwepesi.

Niandikie. Sitamrudisha mpaka umwambie wewe mwenyewe.

Dada yako


27 Juni

Mdogo wangu,

U mzima? Wiki mbili kimya. Mtoto ameniuliza kama posta imefungwa. Nikamwambia baba yake ana mwandiko mzito.

Nasikia simu zimerudi huko. Nawe hujanipigia.

Dada


9 Julai

Dada yangu mpendwa,

Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi nimekuwa mtu wa kuanza barua na kuichana. Simu zimerudi, ni kweli. Nimeishika mara nyingi nikaiweka chini. Hili siwezi kulisema huku nikisikia unavyopumua.

Ni mimi. Toka mwanzo ni mimi.

Ilianzia siku yenyewe. Mshonaji na mama yake walikuwa chini ya meza, mimi mgongo mlangoni, Kasuku amekaa katikati ya miguu yangu amekumbatia goti. Mlango niliutengeneza mwenyewe, naujua kila ubao, na nikausikia unaanza kuachia kwenye bawaba. Paa la chumba chake likang'oka kwa kishindo ambacho sitakielezea. Hapo nikajikojolea, dada. Ikateremka mguuni mpaka mikononi mwake. Yeye akainua uso akasema, "Baba, mvua inaingia." Juu yetu paa lilikuwa zima na dari kavu. Nikamjibu, ndiyo, ni mvua.

Kwa miezi mitatu nilijipa moyo kwamba aliamini.

Tangu hapo mvua ikigusa bati nikiwa usingizini, naamka nimelowa. Asubuhi ya kwanza niliburuta godoro nje, mshonaji akapita kuomba kiberiti. Hakuniuliza kitu. Mimi ndiye niliyemwahi. Nikasema, "Ni mtoto huyu, tangu kimbunga." Kasuku alikuwa mlangoni na mswaki mdomoni. Aliniangalia, akaenda kuchukua sabuni, akaja kunisaidia kusugua.

Hapo ndipo ningeweza kusema kweli, na sikusema. Asubuhi iliyofuata ikawa vigumu zaidi. Halafu lile jina la Komeo likawa limenikaa kama kilemba cha ukoka, nami nikakipenda. Alipoanguka mstarini nilimbeba mpaka nyumbani, na njia nzima watu walikuwa wakinipa pole kwa kuwa na mtoto dhaifu. Nilizipokea. Najichukia ninapoandika hivyo, lakini nilizipokea zote na kusema asante.

Barua yako ilipofika nilikasirika kwanza, nikakuita majina. Nisamehe. Kisha mvua ikanyesha. Asubuhi nikalibeba godoro mpaka mbele, mshonaji akapita, akasema kumbe mtoto amerudi. Nikamwambia, "Hajarudi. Hili ni langu. Na yale yote yalikuwa yangu." Akashika upande wa pili wa godoro, tukaliegemeza ukutani. Halafu akasema yeye tangu siku ile halali bila viatu, na mama yake hakubali mlango ufungwe. Tukasimama hapo na godoro letu.

Kutoka hapo nilikwenda shuleni. Mwalimu alitaka kulimaliza yeye kwa maneno mazuri, nikamwomba anipe dakika tano za darasa. Watoto arobaini, na wote wananijua. Nikawaambia lile godoro wanalopita kila siku ni la mtu mzima, ni la Komeo, na mwenzao hakulilowesha hata mara moja. Mmoja akacheka, kisha wote wakacheka. Nikasubiri mpaka walipomaliza. Nikasema tena, polepole, asije akatokea wa kusema hakusikia.

Uwanja wa shule una lile hema. Nilikuwa nimeshafika, kwa hiyo nikajipanga kwenye foleni. Mshauri ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa randa. Ameniambia mwili wangu haujapata habari kwamba kimbunga kimepita, na tutakuwa tunaukumbusha kidogo kidogo. Nakwenda kila Alhamisi. Sijapona. Juzi nilijaribu kufunga bawaba kwenye mlango wa mteja, nikashindwa, nikakaa chini kwenye takataka za mbao kama mzigo. Lakini nilikaa mchana, mlango wa karakana wazi, na waliopita walipita.

Ndani ya bahasha kuna karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni ya Kasuku. Ningekuja kumwambia uso kwa uso, lakini naogopa nikimwona atanihurumia kabla sijamaliza, kama siku ile, nami nitamwachia. Msomee wewe, usiruke neno.

Mdogo wako

*

Kasuku wangu,

Baba yako anakusalimu. Haikuwa mvua. Ulijua, nami nilijua. Nilikuwa naogopa sana, na wewe ulinisitiri. Halafu mimi nikakuvua wewe mbele ya watu. Si wewe uliyelowesha godoro, hata siku moja. Ni mimi. Mshonaji anajua, mwalimu anajua, darasa lako linajua. Hakuna kitu chochote unachonibebea tena. Nisamehe ukiweza, na ukichelewa kuweza nitangoja.

Baba


18 Julai

Mdogo wangu,

Hatujambo, na leo sina haja ya kukuuliza u hali gani, maana umeniambia.

Nilimsomea baada ya chakula cha mchana, jikoni, neno kwa neno kama ulivyotaka. Alikuwa anakunja foronya. Nilipofika pale pa mvua mikono yake ikasimama. Nilipomaliza akaomba aione karatasi, akaisoma mwenyewe kwa kidole, akaikunja tena mara nne.

Nikangoja alie. Hakulia. Aliniuliza kama darasa lilicheka. Nikasema ndiyo, lilicheka. Akauliza kama baba alikimbia. Nikasema hapana, aliwasubiri wamalize.

Akaitia karatasi mfukoni. Kisha akasema, "Shangazi, nina kiu."

Ilikuwa saa tisa mchana. Nikammiminia bilauri, akainywa yote bila kuiweka chini. Akanywa ya pili. Ya tatu akaimaliza nusu, akapumua, akafuta mdomo kwa foronya niliyokwisha kuipiga pasi, halafu akaanza kusema. Mpaka jua lilipozama alikuwa hajamaliza, kichwa kinaniuma, na sasa hivi ninavyoandika yuko mlangoni ananisimulia habari za paka wa jirani.

Njoo umchukue Jumamosi. Njoo na begi kubwa, nimekukatia mpira unaofika ukingo hadi ukingo.

Dada yako