Nani Anaingia Kibandani Adhuhuri

Jumatano, 12 Februari 2025

Nimetia pombe leo. Asali, maji yaliyochemshwa yakapoa, na vipande vya tunda la mwegea vilivyokaushwa, vya kuchachushia. Mtungi ni ule wa udongo wa marehemu mama mkwe. Pipa la plastiki sitaki kuliona tena — ndilo lililoniharibia pombe ya Januari. Joto lilipanda, kifuniko kikaruka, tukabaki na siki. Safari hii asali nyingine sina. Ikiharibika hii, wakwe kutoka kijiji cha Ngao watakuja kumposa binti yangu Habuya Jumamosi ya wiki ijayo na tutawakaribisha kwa soda. Aibu hiyo sitaki.

Mtungi nimeuzika nusu kwenye mchanga mbichi, kibandani nyuma ya migomba, nikauvika magunia yaliyolowa maji. Nitayalowesha asubuhi na jioni. Joto hili la kijijini kwetu Hewani mwezi huu halina huruma.

Nimemwambia Jilo, mume wangu, asikanyage kibandani. Akasema sawa, Mama Habuya. Alisema haraka mno.

Mume wangu hajagusa pombe tangu yale mafuriko makubwa. Usiku ule alikuwa amelewa chakari. Mimi na binti yangu tulimkokota hadi kwenye tuta, maji kiunoni. Mbuzi wote walikwenda. Kulipokucha aliapa, na mimi nikamwamini. Kiasi.

Alhamisi, 13 Februari

Inachemka! Ukitega sikio unaisikia inanong'ona. Povu limejaa hadi shingoni. Nimepiga alama ya mkaa ndani ya shingo, pale povu lilipofika. Si kwamba namshuku mtu. Ni kujua tu.

Karisa jirani alipita kuomba maji ya kunywa. Kwake kuna mtungi mzima wa maji, mimi mwenyewe nimeuona. Alikunywa polepole huku pua imeelekea kwenye migomba. Amesema kesho anasafiri kwenda Malindi kwa dada yake. Tutaona kama atasafiri kweli.

Ijumaa, 14 Februari

Nimekwenda mjini Garsen kutafuta barafu. Mama mmoja mwenye friza sokoni aliniuzia mabonge manne. Akaniuliza, ni ya samaki? Nikasema ndiyo, samaki. Mwanachama wa kina mama wa kanisa, nadanganya mchana kweupe! Nikayafunga kwenye gunia na maranda, nikapanda bodaboda. Kufika nyumbani gunia limebaki tepetepe, na mgongo wa dereva umelowa wote. Yeye alifurahi, alisema leo ndiyo mara ya kwanza hajasikia jua.

Basi nikakimbilia kibandani roho mkononi. Saa nane, jua la kupasua kichwa — na mtungi baridi! Magunia bado mabichi! Nimeuliza kama kuna aliyeingia. Habuya anasema hajui, alikuwa amelala. Jilo anasema yeye pia alilala. Basi ni udongo tu. Watu wa zamani walijua kufinyanga.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya ibada nimekwenda kuchungulia hata kabla ya kuvua nguo za kanisani. Povu limeshuka. Vidole viwili chini ya alama yangu.

Vidole viwili vya mtungi ule si kidogo. Hicho ni kikao cha mtu na mwenzake.

Nimekwenda kwa Karisa kumjulia hali, yaani kumnusa. Mlango una kufuli. Mke wake, niliyemkuta kisimani, anasema aliondoka alfajiri ya Ijumaa. Kwa hiyo si Karisa. Ingekuwa heri awe Karisa.

Nimemtazama Jilo akila. Amekula vizuri. Ameomba aongezwe.

Jumatatu, 17 Februari

Hawo amekuja na maziwa. Huyu mama wa Kiorma hupita hapa kila siku adhuhuri, akitoka malishoni, wakati sisi wengine tumejilaza. Nikamuuliza kama hajaona mtu huku nyuma. Akasema bila kufikiri, kwa Kiswahili chake ambacho "ana" huwa "na", "Mzee yako mimi naona. Natoka pale ndani, nafuta uso."

"Uso au mdomo?"

Akacheka. Akasema uso na mdomo si ziko pamoja?

Nimesahau hata kuchukua maziwa, ikabidi anifuate nayo mpaka jikoni.

Jumanne, 18 Februari

Vidole vitatu.

Jilo anashona nyavu huku anaimba. Mtu mzima ana furaha gani katika joto hili?

Jumatano, 19 Februari

Leo nilikusudia kulala macho wazi adhuhuri nimkamate. Nikajilaza ukumbini, nikajifanya nakoroma. Nikakoroma kweli. Nilipoamka hayupo kitandani, na baada ya kitambo akaja akitokea upande wa migomba, kifua wazi, nywele zinatona maji. Nilikuwa naoga mtoni, anasema. Hata sikuwa nimeuliza!

Jioni nimelikuta shati lake la kijani limeanikwa kwenye ua wa nyuma, mahali ambapo hatuaniki nguo. Nikalinusa. Asali na chachu. Kwenye kola yote, kifuani kote. Mtu amejimwagia.

Nimekaa kitako pale pale chini. Nililia, nakiri. Si pombe ninayoililia, hata kama wakwe watakunywa maji. Ni ule usiku wa kwenye tuta. Sitaki kumkokota tena, mgongo wangu si ule.

Habuya amenikuta, akasema, "Mama, unamchunga baba kama polisi." Sikumwonyesha shati. Ni mambo yake haya, siku yake inakaribia, aendelee kucheka.

Alhamisi, 20 Februari

Nimefanya jambo.

Shemeji Maro, kaka mkubwa wa Jilo, alikuja kupanga mambo ya Jumamosi. Desturi ni baba wa binti aonje kwanza mbele ya wageni, waone hakuna kitu kibaya ndani, kisha ndio wao wanywe. Tulikubaliana zamani kwamba Maro ataonja kwa niaba ya ndugu yake. Wote tunajua kwa nini. Kwa Jilo hakuna funda moja. Kuna funda la kwanza tu.

Maro akasema, kwa utani, mdogo wangu siku hizi wewe ni mchungaji kabisa, pombe iko hatua ishirini na wewe unakunywa chai. Jilo akatabasamu. Lile tabasamu ndilo lililonitoa akili. Nikaingia ndani, nikatoka na shati, nikamtupia Maro mapajani.

"Nusa, shemeji. Nusa uchungaji wa ndugu yako!"

Maro akanusa. Akaliweka chini taratibu, akawa anatazama viatu vyake. Habuya alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Nikasema yote. Vidole vitatu, Hawo, mdomo, kuoga mtoni. Nikasema na ya mafuriko, ambayo tulikubaliana hayatasemwa tena mbele ya mtoto.

Nilingoja abishe. Jilo anajua kubisha, hata bei ya chumvi hubisha. Hakubisha. Aliokota shati, akalikunja vizuri, akasema, "Sawa, Mama Habuya." Akachukua jembe akaenda shambani saa hiyo ya jua.

Kama hana hatia, mbona hakusema?

Ijumaa, 21 Februari



Leo adhuhuri sikulala. Jilo yuko shambani tangu asubuhi, chakula chake kimerudi na Habuya bila kuguswa. Nikaenda kibandani kuangalia tu. Nikaweka kiganja kwenye mtungi. Moto! Magunia yamekauka kau, yanakwaruza. Na niliyalowesha asubuhi mwenyewe, kama siku zote, maji tele.

Kama siku zote. Nikasimama pale kama nimepigwa. Siku zote nikirudi saa nane mtungi ni baridi. Gunia lililoloweshwa asubuhi halifiki adhuhuri, si katika jua hili. Udongo wa mama mkwe! Udongo gani?

Hawo akapita na kibuyu chake cha maziwa. Akaniuliza, "Leo mzee hakuna?"

Nikamwambia aseme yote aliyoyaona, tangu mwanzo. Akasema, akinishangaa. Mzee yako kila siku jua ikiwa katikati nabeba maji toka mto, jerikeni mbili. Namwagia gunia, namwagia mchanga. Shati natoa, nalowesha, nafunga hapa kwa shingo ya mtungi, hapa povu natoka. Halafu nafuta uso, naenda.

"Mbona hukuniambia haya?"

"Wewe uliuliza mdomo," akasema. "Maji hukuuliza."

Na vidole vitatu? Nikafunua. Povu limekufa kabisa, pombe imetulia. Nikaona mstari wa kahawia ulioachwa na pombe yenyewe siku ya kwanza, chini sana ya mkaa wangu. Pombe iko pale pale kwenye mstari, haijapungua hata kijiko. Mimi niliweka alama kwenye povu! Mjinga gani anapima povu?

Nimebeba maji mwenyewe. Safari tatu, mchanga unaunguza nyayo hata ndani ya malapa, na ukingo umekuwa mrefu kwa kuwa mto umepungua. Safari ya pili nilikaa chini kwanza. Na Jilo ana goti bovu. Hakusema kwa sababu nilimkataza kuingia, na alijua nikimwona mle ndani nitawaza nini. Nami nikawaza hicho hicho bila hata kumwona.

Aliporudi jioni nilimwekea maji ya kuoga. Nikasema, Baba Habuya, nimeongea na Hawo. Akasema, "Mtungi umepata joto?" Nikasema kidogo, nimeupoza. Akaitikia kwa kichwa. Nilitaka kusema lile neno, nisamehe. Nilisema chakula tayari.

Akala. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwambie kaka asijisumbue kesho. Nitaonja mwenyewe."

Nikasema hapana, si tulikubaliana.

"Tulikubaliana nilipokuwa si mnywaji. Si umeshamwambia kaka nimekunywa? Na mtoto amesikia. Basi nionje." Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Jumamosi, 22 Februari

Wameketi. Naandika jikoni, daftari juu ya gunia la unga, mlango nimeurudisha.

Wakwe wamefika wazee sita na mama wawili, watu wa heshima, wameshaomba na kusalimia. Pombe imetoka nzuri. Nimeonja kwa ncha ya ulimi — tamu, baridi, haina uchachu mbaya hata kidogo. Mzee wao mmoja amenusa kutoka uani akasema nyumba hii ina mtu anayejua kazi. Jilo akainamisha kichwa. Amevaa lile shati la kijani, amelifua na kulipiga pasi mwenyewe.

Nilimvuta Maro pembeni nikamsihi awahi kikombe. Amesema hawezi kumnyang'anya mdogo wake kikombe mbele ya wakwe, na baada ya yale ya juzi, hata angeweza asingefanya.

Wameniita nipeleke kikombe cha kuonja. Mimi ndiye wa kupeleka.

Nimejaza kikombe cha pombe. Kisha, sijui mkono ulifanyaje, nimechukua kingine, nikakoroga masalio ya asali niliyokwangua koponi kwa maji na chai kidogo ya kutia rangi. Nikaviweka sambamba. Hata mimi niliyevijaza ikabidi nivinuse nijue kipi ni kipi. Wageni hawatajua. Maro hatajua. Ataonja, atasema karibuni, mambo yataendelea, na mume wangu atalala leo kama alivyolala jana.

Lakini yeye atajua. Ulimi wake utajua kabla hajameza. Atajua kwamba hata leo, baada ya jerikeni zote zile, nimemletea maji ya asali kama mtoto mwenye kikohozi.

Na nikimpelekea pombe, nitakuwa nimemwamini. Nitamkabidhi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili na goti chini kama inavyotakiwa, na nitamtazama akimeza.

Wanangoja. Jilo amekohoa.

Habuya amesukuma mlango. Ametazama vikombe, akanitazama mimi. "Mama, baba anauliza mbona unachelewa." Halafu akauliza, "Hiki kingine cha nani?"