Maelezo kuhusu mfuko wa kumi na mbili wa fenesi kavu

Jina: Bi Mizani (ndivyo ninavyoitwa na wote, mume wangu akiwemo). Umri: miaka 46. Kazi: mkaushaji na mpimaji, maabara ya utafiti wa matunda. Makazi: nyuma ya maabara hiyo.

Nimekuja kwa hiari yangu, tena mbio, kwa kuwa mlinzi wetu, Mzee Kufuli, amelala mahabusu kwa kosa asilolijua.

Mwaka jana tulikausha fenesi, tukafunga mifuko kumi na miwili. Kila mwezi tunafungua mmoja, tunapima unyevu, tunaonja. Wa mwisho ndio wa kuthibitisha kwamba fenesi letu linakaa mwaka mzima bila kuharibika. Daktari, mkuu wetu, aliutunza kabatini, chumba cha mizani, kama mboni ya jicho.

Mnamo tarehe 14, saa tatu asubuhi, mama yake Daktari alikuja kumwona. Mwanawe alikuwa mkutanoni. Nikamkalisha chumba cha mizani, karibu na kikaushio, apate joto. Nikamwambia, "Mama, jisikie uko nyumbani," nikaenda kumenya mananasi. Kabati niliacha wazi. Kosa hilo ni langu, liandikwe. Niliporudi, alikuwa amechoka kungoja, kaondoka.

Tarehe 15, mfuko haupo. Baada ya saa za kazi funguo za jengo anazo Mzee Kufuli peke yake. Daktari akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akaja kushtaki hapa. Habari ya mgeni ilikuwa imenitoka kabisa.

Leo tarehe 16, saa moja na robo asubuhi, simu yangu iliita. Alikuwa yule mama.

"Mwanangu, yale mafenesi yenu hayajabaki mengine?"

"Mafenesi gani, mama?"

"Ya kabatini. Si uliniambia niko nyumbani? Mimi kwangu nafungua kabati."

Nilikaa sakafuni. Tangu augue, mama huyu hula kwa kubembelezwa; vijiko vitatu, basi. Mfuko ule una gramu mia mbili! Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Nikamuuliza palepale maswali ya fomu yetu ya waonjaji. Harufu? "Nilipofungua tu, mate yakanijaa." Utamu? "Acha maswali, lete mengine."

Ndipo nikamweleza habari za Mzee Kufuli. Akasema, "Nipeleke polisi."

Tumefika saa mbili na nusu, Daktari nyuma yetu. Mama amesema kaunta, "Mwizi ni mimi. Mfungulieni huyo baba." Akatoa mfuko mkobani. Vilikuwemo vipande vitano. "Hivi nilimbakizia mwanangu."

Daktari aliupokea mfuko, akanipa mimi. Vipande vitano vinatosha kupima unyevu. Nimevibonyeza: laini, havinati, havina ukungu hata chembe. Nina furaha ambayo sijui kama inaruhusiwa kwenye karatasi ya polisi.

Niliyoyaona na niliyoyakosea ni hayo. Nimesomewa, nayakubali.

Sahihi: *Bi Mizani*

Maelezo ya afisa: Shahidi ametia sahihi mbele yangu. Mlalamikaji ameondoa malalamiko. Mtuhumiwa ameachiwa saa nne na dakika kumi. Mlalamikaji amemwomba radhi hapa kaunta, mara mbili, kwa kuwa mama yake amesema ile ya kwanza hakuisikia.