Miguu Yangu Imesahau Breki Iko Wapi

Bibi Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na kama utacheka, cheka kwanza umalize ndipo usome. Mimi ni Gurmej Singh wa Jagraon, miaka sabini na mbili, shule niliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa na fimbo na mimi nilikuwa na mbio. Mwaka jana mke wangu Harbans alipopasuliwa moyo niliapa kwamba akiinuka nitampeleka kuhiji Hemkunt, kule milimani, nyuma ya pikipiki yangu, Bullet ya mwaka 1968, na kweli akainuka, tena na ulimi wake wote, kwa hiyo sina pa kukwepea, tunaondoka baada ya siku tisa.

Sasa goti langu la kulia ni bovu, na Bullet za zamani gia iko mguu wa kulia, breki kushoto, kinyume cha pikipiki za siku hizi, nikamwambia fundi Jagtar azibadilishe, akanionya, "Mzee, chuma nitakigeuza, miguu yako ataigeuza nani?" nikamwambia afunge mdomo afungue nati. Kazi akaifanya safi, akabadilisha na oili, plagi, waya wa klachi, mnyororo, yote ya safari. Jumapili nikampakia Harbans tukaijaribu, nyati wa maziwa akavuka barabara, nikakanyaga kwa kushoto kama nilivyokanyaga miaka arobaini na tano, kumbe nimekanyaga gia, tukaingia kwenye lundo la mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa ya kuwashia moto, Harbans akachubuka kiwiko. Watu wakajaa, nami kwa aibu nikasema ni breki za Jagtar hizo.

Tangu siku hiyo hakuna anayempelekea Jagtar hata baiskeli, Harbans hamsalimii mke wa fundi, na Jagtar mwenyewe ananitazama tu. Mimi sijui nirudishe gia kulia nilimalize goti, au niiache kushoto nijifunze upya, au nivunje kiapo, hata nikikaa kitini nyumbani najikuta nakanyaga sakafu huku na huku, sijui mguu upi ni wa nini.

*

Mzee Gurmej, pole ya goti. Nimecheka kama ulivyoagiza, mpaka nilipofika kwa fundi. Mtu kakuonya kwa mdomo wake, wewe ukamlipa kwa kumfukuzia wateja? Mvi zote hizo, na bado unasingizia wenzako kama mtoto aliyelamba siagi.

Gia irudi kulia, kesho. Siku tisa hazifundishi miguu ya miaka arobaini na tano, na makorongo ya barabara ile hayana subira na mwanafunzi. Goti lifunge bandeji, pumzika kila saa, safari ya siku mbili ifanye ya siku nne. Kabla ya kuondoka endesha kwa muda wa saa tatu peke yako. Ukishindwa, pandeni basi. Mungu aliyekurudishia mkeo hadai moshi wa pikipiki.

Lakini Jagtar asishike spana kabla hujasimama hekaluni kwenu, watu wamekaa chini wanakula chakula cha pamoja, ukasema: "Mguu wangu ulikosea, mimi nikadanganya." Usiongeze hadithi. Nakujua utataka kuongeza.

Na Harbans asiyasikie huko kwa mara ya kwanza. Mwambie leo, chai ikiwa bado ya moto, kisha nyamaza, umwachie aamue. Akikubali kupanda baada ya hapo, atakuwa amepanda na mumewe. Jumapili ile alipanda na mtu asiyemjua.