Duara la Kijani Kwenye Nyumba Yetu

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji na wapwa zangu wote, na kwamba yule mdogo ameshapona kile kikohozi. Wifi yako anakusalimu sana, na watoto hukimbilia mlangoni kila gari likisimama nje, wakidhani ni shangazi yao. Desturi inanitaka niandike kwamba na sisi huku hatujambo. Kalamu imegoma, dada.

Umeniuliza mara kadhaa kwa nini Baba haji kwenye simu, na mimi kila mara nimekujibu kwamba amelala au ametoka kidogo. Nitafika huko. Nivumilie nianze na yaliyokuwa mazuri, maana yalikuwa mazuri kweli.

Mwaka huu mratibu wetu pale kazini alirudi kutoka mafunzoni na mchoro mpya. Alisema hatutapanga tena kampeni za afya kwa kukisia na kubeba vipaza sauti, tutapanga kwa picha ambayo kila mtu anaiona. Akachora ubaoni duara ndani ya duara, nasi tukacheka kwamba ametuletea kitunguu kilichokatwa, na jina likaganda hapo hapo. Katikati ya kitunguu anakaa mgonjwa wa presha. Duara linalomgusa ni familia yake, linalofuata ni majirani, kisha zahanati, na la nje kabisa ni wakubwa wanaoamua dawa zije au zisije. Katika kila duara tunajiuliza ni kitu gani kinamzuia huyu mtu asimeze dawa zake, tunaandika pale pale, na mpango unaanzia hapo.

Picha ya pili ilikuwa ramani ya mtaa mzima, ichorwe kwenye ukuta wa zahanati, nyumba kwa nyumba. Wakazi waliitisha mkutano wao wenyewe wakakubali. Nyumba ambayo watu wake wamepimwa na wenye dawa wanazimeza, duara la kijani. Walioanza wakaacha, njano. Ambao hawajapimwa kabisa, nyekundu. Ukitazama ukuta unajua kesho uende kugonga mlango gani. Ilibaki kumpata mchoraji, na mimi nilimtaja Baba kabla mratibu hajamaliza sentensi.

Unajua jinsi alivyokuwa tangu wenye maduka waanze kuchapisha mabango yao kwa mashine. Mtu aliyeandika majina ya nusu ya maduka ya mji huu alikuwa anashinda kibarazani akikosoa herufi za wenzake. Ungemwona siku ile nilipompelekea habari! Alinyoa ndevu. Alichimbua brashi zake, akamwomba jirani yetu fundi viatu amshikie ngazi, akaanza kazi kama kijana. Alibishana na mratibu kuhusu kila kichochoro, na nyumba yetu akaichora kubwa kuliko zahanati. Nilipomuuliza, akanijibu kwamba mchoraji lazima alipwe kwa namna moja au nyingine.

Na ule ukuta ulifanya kazi, dada. Mama mmoja, fundi cherehani wa pale kona, alikuja amefura, anataka kujua nani kampaka njano mbele za watu. Baba akamwambia kwa upole aende akajiulize mwenyewe. Mama wa watu akarudi kliniki, akaanza tena vidonge vyake, kisha akaja kusimama chini ya ngazi mikono kiunoni mpaka alipobadilishiwa rangi. Nilijisikia nimevimba kichwa wiki nzima.

Wahudumu wetu wa afya ndio waliopita nyumba kwa nyumba na kipimo, kisha wakamwambia Baba rangi. Kwetu hawakupima mtu. Mimi mtaani wananiita Bwana Afya, nao wakaona kwamba kwenda kumkagua baba yake Bwana Afya kama amemeza dawa ni kukosa adabu. Walikuja, wakasalimia, wakanywa chai, wakamsifu kwa ukuta, na kesho yake wakamwambia apake kijani. Naye akapaka, tena mara mbili ili ikolee. Nilisimama pale nikaiangalia nyumba yetu, nikafurahi.

Siku ile alishuka kwenye ngazi vizuri tu. Aliweka ndoo chini, akajaribu kuishika tena, mkono ukakataa. Fundi viatu alipomuuliza vipi, uso ulikuwa umeshakwenda upande mmoja. Ni kiharusi, dada. Upande wote wa kulia umelala, na sauti imekwenda. Anatusikia na anatuelewa kila kitu, ila hawezi kujibu neno. Hiyo ndiyo sababu haji kwenye simu.

Fundi viatu alinililia hospitalini. Alisema Baba aliacha vidonge vyake vya presha tangu kazi ilipoanza, kwa sababu vilimtia kizunguzungu akiwa juu ya ngazi, na mtu ambaye kichwa kinamzunguka hawezi kuchora barabara iliyonyooka. Angevirudia ukuta ukiisha. Alimwapisha fundi viatu asiniambie, naye akadhani mtaalamu kama mimi lazima ninajua. Wifi yako alivikuta vidonge ndani ya kopo la brashi. Kila asubuhi nilikuwa namuuliza kama amemeza, anasema ndiyo, mimi nachukua mkoba natoka kwenda kuwafundisha watu kuhusu duara la familia. Nimemkasirikia, nimewakasirikia wahudumu, nimejikasirikia mwenyewe, na hasira hizo zote hazijamnyanyua hata kidole.

Sasa sikia lililobaki, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Daktari ametuambia wazi kwamba kiharusi cha pili kitamchukua, na kinga yake ni vile vile vidonge, kila siku. Baba hataki kuvimeza. Anameza maziwa vizuri, lakini akiona kidonge anafunga mdomo na kutazama pembeni. Tulikisaga tukakitia kwenye maziwa, na tangu siku hiyo akaacha na maziwa mpaka wifi yako alipoyaonja kwanza mbele yake. Mratibu akaja na karatasi zake, mtu mwema yule, akasema tumchoree Baba kitunguu chake. Tukakaa hapo sebuleni kando ya kitanda, tukajaza familia, majirani, zahanati. Tulipofika katikati, kwenye nini kinamzuia, hatukuwa na la kuandika, maana mwenye jibu hana sauti. Je, bado anaogopa kizunguzungu? Anaona aibu? Amechoka nasi? Alitutazama tukibandika vikaratasi, kisha akageuza uso ukutani. Nilivibandua vyote.

Tunaongea naye kwa mkono wa kushoto. Akiubana mkono wangu mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Maswali ya vidonge hayajibu kabisa, mkono unalegea tu. Lakini lipo swali moja alilolijibu, na lazima nikuungamie. Tangu mwanzo nilimuuliza kama nikuambie wewe. Akabana mara mbili, kwa nguvu sijui alizitoa wapi. Nikadhani nimehesabu vibaya, nikauliza tena. Mara mbili. Wala hakuwa amelala zile siku ulizopiga simu. Alikuwa ananitazama nikikudanganya, kwa amri yake. Barua hii naiandika kinyume chake, mimi ambaye sijawahi kumvunjia neno, na hata sasa nimeifunika kwa gazeti wakati yeye yuko hapo hatua chache.

Siombi ushauri, dada. Ushauri ninao, ndiyo kazi yangu, na wote umeishia kwenye midomo iliyofungwa. Naomba uje. Usingoje likizo. Ukifika sema una safari zako umepitia tu. Hatakuamini, lakini sema hivyo hivyo, kisha ukae kitandani pale nikupe kikombe na kidonge ushike wewe. Labda kwako atafungua. Na asipofungua, angalau tutakuwa wawili tunaomtazama.

Msalimie sana shemeji, wabusu wapwa zangu, na Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
ninayekungoja.