Kadi za Meneja

Cheongju, Oktoba

Dada yangu mpendwa Mal-sun,

Hujambo? Magoti yanakusumbua bado na baridi hii ya asubuhi? Kimchi uliyotuma, ile kabichi yako ya pilipili, imefika, ila ilivuja njiani, na kondakta wa basi alinisema mpaka nikakosa pa kuficha uso. Sisi huku wazima. Mke wangu anakusalimu sana.

Maandalizi ya harusi ya binti yetu Hye-rin yanakwenda vizuri. Jumapili tulikutana na wakwe kwa chakula. Baba wa kijana alinipa kadi yake ya kazi kwa mikono miwili, nami, mazoea yana taabu, nikachomoa yangu: Pyo Jong-rae, Meneja. Akaisoma taratibu, akainama mpaka chini. Hye-rin akaacha kula.

Njiani Hye-rin alinishukia. Aliniuliza naona aibu gani mzee mzima, wakati wakwe alishawaambia tangu masika kwamba ofisini niliondoka. Kumbe yule bwana aliinamia kadi akijua ni ya zamani, ili asinifedheheshe. Nililia, dada, kwenye maegesho ya magari, na miaka yangu hamsini na minne.

Basi aliyebaki hajui ni wewe peke yako. Mwaka mmoja na nusu sasa, kila ukipiga simu kuuliza habari za ofisini, nakudanganya. Wakubwa walitupunguza. Naendesha basi la watoto wa chekechea. Ningekuambiaje? Uliacha shule una miaka kumi na minne, ukashona mashati kiwandani ili mimi nisome, na sokoni kwenu huniiti kwa jina, unaniita Meneja.

Tena kuna lililonitia aibu kuliko hilo: nina furaha. Watoto wananiita Kipara na kugombania kiti cha nyuma yangu. Nalala usingizi. Miaka ishirini na sita ya kuitwa Meneja sikuwahi kuamka nikitamani kazi. Nisamehe kwa kufurahia kitu ambacho hukukitolea jasho.

Kadi zilizobaki nimezitia humu bahashani. Zichome wewe, maana zilikuwa zako kabla hazijawa zangu. Na siku ya harusi, wageni wakiuliza, nakuomba useme tu kwamba huyu ni mdogo wako.

Msalimie shemeji, na uvae soksi nzito.

Mdogo wako akupendaye,
Jong-rae, dereva